Kipimo cha haiba hakikuchagulii mfanyakazi

Unatafuta mtunza stoo, maombi yamejaa mezani, na kuna mtu anakuuzia kipimo cha haiba cha mtandaoni. Kabla hujalipa, andika kazi yenyewe. Anahesabu, anaandika, anafunga. Basi unatafuta mtu makini, si mcheshi.

MBTI, kile cha kumpa mtu herufi 4 kama INTJ, kiache. Wenye kipimo chao huko Marekani wanasema wazi kisitumike kuajiri. Tafuta kinachofuata mfumo wa Big Five, unaoigawa haiba katika sifa 5. Kati ya hizo, itazame zaidi ile ya umakini na bidii: mwaka 1991 watafiti Barrick na Mount walijumlisha tafiti nyingi wakakuta inaendana na utendaji katika makundi yote ya kazi waliyoyachunguza. Ila uhusiano huo si mkubwa, kwa hiyo usimkate mtu kwa alama peke yake.

Vipimo vya kliniki usiviguse. Kwa mfano, MMPI ilitungwa kubaini maradhi ya akili, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa Marekani iliamua kuwa kuwapa wafanyakazi kipimo hicho ni kuwapima afya.

Lugha nayo iangalie. Mtu ataonekana mzembe kumbe Kiingereza ndicho kilichompiga chenga. Nunua toleo la Kiswahili lililokwisha kujaribiwa; usikitafsiri kipimo mwenyewe usiku wa kuamkia usaili.

Halafu jua kwamba watu hujipamba. Ukimuuliza mwombaji kazi kama ni mwaminifu, unategemea aseme nini? Ndiyo maana majibu uyapeleke kwenye usaili. Alama za umakini ziko chini? Muulize: "Nieleze siku hesabu ya stoo ilipogoma kulingana. Ulianzia wapi?" Mwache aongee. Mwenye uzoefu atakutajia daftari, tarehe, hata aliyempigia simu. Waulize wote swali hilohilo, na uandike alama palepale kabla hajaingia mwingine.

Kisha mpe kazi ndogo: hati ya kupokelea mzigo na daftari lenye makosa uliyoyapanda wewe. Dakika 20 zinatosha. Hapo ndipo mimi ninapoweka uzito mkubwa.

Mwambie mapema unapima nini na nani ataona majibu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022. Matokeo ya mtu hayarushwi kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, hata kwa utani.