Makao ya Waliounguliwa

Mbali upande wa mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kuna kisiwa kiitwacho Singapore. Zamani maskini wengi wa kisiwa hicho walikaa katika vijiji vya nyumba za mbao, zilizoezekwa makuti au mabati. Nyumba zilisongamana sana. Mtu wa mshahara mdogo hakuweza peke yake kununua kiwanja na kujenga nyumba imara. Kwa hiyo mwaka 1960 serikali iliweka Halmashauri ya Nyumba na Maendeleo, ili ijenge nyumba nyingi kwa fedha za wote, na kuzipangisha kwa kodi ndogo.

Kazi hiyo ilikuwa bado changa msiba ulipotokea. Tarehe 25 Mei 1961, siku ya Idi ya Kuchinja, moto ulizuka katika kijiji cha Bukit Ho Swee. Upepo ukauchochea, makuti yakashika, na moto ukaruka kutoka paa hata paa. Watu 4 walikufa, na wengine wapatao 16,000 wakawa hawana pa kulala. Wengi wao walipewa hifadhi katika majengo ya shule.

Halmashauri haikukawia. Serikali ilitwaa ardhi iliyoungua, na hapo hapo yakajengwa majumba ya ghorofa. Kabla ya mwaka mmoja kupita jamaa za kwanza zilikuwa zimekwisha kuingia. Kodi ya nyumba ya chumba kimoja ilikuwa dola 20 kwa mwezi.

Si wote waliofurahi. Waliofuga nguruwe na kuku hawakuweza kupanda ghorofani na mifugo yao, wakapoteza sehemu ya riziki. Lakini sasa walilala bila hofu ya moto, maana zege haliungui kama makuti.

Tangu mwaka 1964 wenye kipato kidogo waliruhusiwa kununua nyumba hizo na kulipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba: mpangaji akawa mwenye nyumba. Leo zaidi ya watu 7 katika kila 10 miongoni mwa raia na wakazi wa kudumu wa kisiwa hicho hukaa katika nyumba zilizojengwa na Halmashauri.

Basi, huruma ya jirani humpa aliyeunguliwa mahali pa kulala usiku mmoja, nayo ni njema. Lakini kumpa makao ya kudumu ni mzigo mzito, nao hauchukuliki ila kwa kushirikiana, na kwa kujiweka tayari kabla ya siku ya msiba.