Doa Jeusi Kwenye Skani ya Mifupa: Lina Maana Gani kwa Mgonjwa wa Saratani ya Matiti?

Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti wakikabidhiwa bahasha ya matokeo ya skani ya mifupa huifungua kabla hawajafika kwenye steji ya matatu. Ndani mna picha ya mifupa yote, kuanzia kichwani hadi miguuni, na pengine doa jeusi mbavuni au mgongoni. Wapo wanaokata tamaa papo hapo na kuacha kurudi kliniki. Uamuzi huo unaweza kugharimu maisha, kwa sababu doa peke yake si uthibitisho kwamba saratani imefika kwenye mfupa.

Skani hufanywaje?

Mgonjwa hudungwa kwenye mshipa dawa yenye kiasi kidogo cha mionzi. Husubiri saa 2 hadi 4 akinywa maji na kwenda haja ndogo mara kwa mara, kisha hulala bila kutikisika huku kamera ikipiga picha za mwili mzima. Mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Mama mjamzito au anayenyonyesha anapaswa kumweleza mhudumu kabla ya kudungwa.

Kwa nini doa hutokea?

Dawa hiyo hukusanyika pale mfupa unapojijenga upya kwa kasi kuliko kawaida. Saratani iliyosambaa huweza kusababisha hali hiyo, lakini si hiyo tu. Aliyevunjika ubavu alipoanguka na bodaboda, mwenye maumivu ya viungo yatokanayo na umri, au mwenye maambukizi ya mfupa anaweza kuonyesha doa vilevile. Figo na kibofu pia huonekana, kwa kuwa dawa hutoka kwa njia ya mkojo.

Ndiyo maana daktari hutazama idadi ya madoa na mahali yalipo. Doa moja gotini halina uzito sawa na madoa mengi yaliyotapakaa kwenye uti wa mgongo, mbavu na nyonga. Akiwa na shaka, huagiza eksirei, skani ya CT au MRI, na wakati mwingine kipande kidogo cha mfupa hutolewa kikapimwe maabara. Mgonjwa humsaidia daktari akitaja majeraha yote ya zamani na kubeba picha za awali ili zilinganishwe.

Ulinganisho huo ni muhimu zaidi kwa aliyeanza matibabu miezi michache iliyopita. Mfupa unaopona pia hujijenga kwa kasi, hivyo madoa yanaweza kuonekana yamezidi ilhali dawa inafanya kazi.

Skani isiyo na doa nayo ni habari njema, ila mabadiliko madogo sana huweza yasionekane. Maumivu ya mfupa yakiendelea, mgonjwa arudi hospitalini.

Ikithibitishwa imesambaa

Saratani ya matiti iliyofika kwenye mfupa bado ni saratani ya matiti, na hutibiwa hivyo. Kwa kawaida haiondoki kabisa, lakini hudhibitiwa kwa dawa za homoni, tibakemikali na dawa za kuimarisha mifupa, huku tiba ya mionzi ikipunguza maumivu. Wapo wanaoishi miaka mingi wakiendelea na matibabu.

Dalili zisizongoja siku ya kliniki

Mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo akipatwa na:

• maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi;
• kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kushindwa kukojoa;
• kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa;
• maumivu ya ghafla yanayomzuia kusimama.

Maswali ya kumuuliza daktari

Madoa yako wapi, na yanaweza kuwa yametokana na nini kingine? Ni kipimo gani kinafuata? Matibabu yatabadilika?

Skani hii hufanywa katika hospitali chache, ikiwemo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Kabla ya kusafiri, mkazi ahakikishe amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ana barua ya rufaa, na ameuliza hospitali ni gharama gani zitakazolipiwa. Matokeo yakitoka, bahasha irudishwe kliniki, na ikiwezekana mgonjwa aandamane na jamaa wa kusikiliza pamoja naye.