Hageuzi Uso kwa Hasira

*Mwanangu wa miaka 22 alianza kuona ukungu katikati ya jicho la kulia, bila maumivu. Wiki sita baadaye likafuata la kushoto. Daktari bingwa anasema ni ugonjwa wa Leber, na kwamba hurithiwa kwa mama. Mawifi zangu wameshanihukumu. Mwanangu naye nikimsemesha anageuza uso pembeni. Ana mdogo wake wa kiume. Nifanye nini?*
Mama, Tanga

Pole sana, mama yangu.

Ni kweli kasoro hii hupitia kwa mama. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, viwanda vidogo vya nguvu, ambavyo mtoto huvipata kwa mama yake. Vikiwa na hitilafu, neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo huishiwa nguvu, ikanyauka. Lakini wewe nawe ulivipata kwa mama yako, naye kwa bibi yako. Hukuchagua wala hukuficha. Mawifi waambie hivyo, mara moja, kisha uache.

Muulize daktari ni badiliko gani la jeni alilo nalo kijana. Yapo matatu yanayoonekana zaidi: 11778, 3460 na 14484. Hilo la mwisho ndilo lenye matumaini makubwa zaidi ya uoni kurudi. Muulize pia kuhusu idebenoni, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2015. Husaidia baadhi, si wote. Kwa hiyo usiuze shamba kumfuata anayekuahidi muujiza.

Yamkini mdogo wake naye ameirithi hitilafu hiyo, lakini kurithi si kuugua. Wengi hawapofuki kamwe. Asiguse sigara, ajiepushe na pombe. Akiugua kifua kikuu, amweleze daktari mapema kuhusu hitilafu hiyo, maana ethambutoli, mojawapo ya dawa zake, huweza kuidhuru neva hiyohiyo.

Mpeleke mkubwa kliniki ya uoni hafifu. Lenzi za kukuza na simu inayosoma maandishi kwa sauti zitamrudisha kwenye masomo au kazi.

Sasa lile linalokuumiza zaidi. Ugonjwa huu hula katikati ya uoni, pembeni hubaki. Akikutazama usoni moja kwa moja, uso wako unapotea. Akigeuka kidogo, unarudi. Hakukwepi, mama. Anakutafuta. Anapogeuka, usiondoke, kaa hapohapo akuone.