Mifupa, Viungo na Misuli

1. Mifupa. Nyumba ya miti haisimami bila nguzo. Mwili nao una nguzo zake, ndizo mifupa. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana zaidi, lakini akikua mingine huungana. Mfupa mrefu kuliko yote ni ule wa paja. Fuvu hulinda ubongo. Mbavu hulinda moyo na mapafu.

2. Viungo. Mahali mifupa inapokutana huitwa kiungo. Kiwiko hufunguka na kufungwa kama mlango. Bega huzunguka pande zote, kama mchi ndani ya kinu. Ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu laini, tena mna ute, ili mifupa isisagane.

3. Misuli. Shika mkono wako juu ya kiwiko, kisha ukunje. Unasikia nyama inavimba? Huo ni msuli. Jueni vema: msuli huvuta tu, hausukumi kamwe. Kwa hiyo misuli hufanya kazi miwili miwili. Wa mbele hukunja mkono, wa nyuma huunyosha. Mmoja ukivuta, mwenzake hulegea.

4. Nani huiamuru misuli? Ni ubongo. Sisi wa Kisenge yatupasa kulijua sana jambo hili, maana mawe meusi ya kwetu yana manganezi. Mwili hutaka manganezi kidogo sana ili kujenga mifupa na gegedu, nayo tunaipata katika mchele, maharagwe na mboga za majani. Hiyo yatosha. Lakini mtu akivuta vumbi lake jingi siku nyingi, ubongo hudhurika. Mwaka 1837 daktari Couper wa Glasgow, katika Scotland, aliandika habari za watu waliosaga manganezi kiwandani. Miguu yao ilikosa nguvu, wakatembea wakiyumba. Hawakuvunjika mfupa, ni ubongo ulioshindwa kuiamuru misuli vema.

Basi, watoto, msicheze penye vumbi la mawe yaliyosagwa. Mchimbaji na avae kifuniko cha pua na mdomo, alowanishe mawe kwa maji, tena aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Maulizo
1. Bega na kiwiko vyatofautianaje?
2. Kwa nini msuli mmoja hautoshi kukunja na kunyosha mkono?
3. Mtu mwenye mifupa mizima aweza kukosa kutembea vema. Kwa nini?