Somo: Kicheko kinachojenga na kicheko kinachobomoa



Katika somo hili tunaangalia jambo linaloonekana dogo: mzaha. Tunaomba mlisome pamoja katika kikundi, kisha mjadiliane.

1. Masizi usoni

Katika miaka ya 1830, huko Marekani, mwigizaji mzungu Thomas Rice alijipaka masizi usoni, akavaa matambara, akaimba na kucheza akimwiga mtu mweusi. Mtu huyo wa mchezo aliitwa Jim Crow. Watu walicheka sana. Mwaka 1843 kikundi cha Virginia Minstrels kilianza kuonyesha michezo ya namna hiyo mjini New York, na mtindo ukafika hadi Uingereza. Watazamaji walifundishwa kwamba mtu mweusi ni mjinga na mvivu. Baadaye sheria za kuwatenga watu weusi Marekani ziliitwa kwa jina lilelile: Jim Crow.

2. Ubelgiji na Kongo

Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili aliitisha mkutano juu ya Afrika mjini Brussels. Mwaka uleule, katika mji huohuo, kilianzishwa chama cha Noirauds. Wanachama walijipaka rangi nyeusi na kupita wakichangisha pesa za kusaidia watoto maskini. Nia ilikuwa njema, lakini sura ya Mwafrika ilikuwa kichekesho.

Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji ili watazamwe kwenye maonyesho ya Tervuren. Saba walifia huko. Katika maonyesho ya Brussels ya mwaka 1958, bado kuna watazamaji waliowatupia Wakongo ndizi.

Mwaka 2019 Noirauds waliacha rangi nyeusi, wakachukua rangi za bendera ya Ubelgiji. Kumbe desturi ya zamani inaweza kubadilishwa.

3. Hapa kwetu Katanga

Tusiseme kosa hili ni la wazungu peke yao. Miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zilirundikana kwenye vituo zikingoja treni, na wengi walikufa. Walikuwa wamekwisha kupewa jina: bilulu, yaani wadudu. Mdudu hahurumiwi, hukanyagwa tu. Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Lakini Lubumbashi inajua pia kicheko kingine. Kikundi cha Mufwankolo kiliwachekesha watu kwa miaka mingi kwa Kiswahili cha mji huu. Mwaka 1986 kilitunga mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, bila kugawana. Hapo watu walijicheka wenyewe na wakubwa wao. Hawakumcheka mgeni asiye na nguvu.

Tofauti iko hapo. Kabla ya kucheka, tujiulize: je, anayechekwa yuko kati yetu, na anaweza kujibu?

4. Maswali ya kujadiliana

- Ni majina gani ya dharau yanayotumiwa katika mtaa wetu juu ya waliohama makwao?
- Watoto wetu waliyasikia wapi kwanza?
- Kiongozi akisikia jina hilo kwenye mkutano, afanye nini papo hapo?

Jioni hii, kila mzazi achague jina moja ambalo halitatamkwa tena nyumbani kwake, awaeleze watoto sababu yake.