Breki za uwanja wa mbio: anza na mafuta, kalipa zitasubiri

Gari langu ni Subaru Impreza iliyotoka Japani ikapitia bandari ya Dar es Salaam, kama magari mengi ya hapa Lubumbashi. Usukani uko kulia, na sisi Wakongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo kulipita lori ni kazi ya kubahatisha mpaka uvuke Kasumbalesa. Ukiingia Zambia tu, gari linakuwa limefika kwao. Uwanja ninaoupenda ni Donnybrook, pembeni mwa Harare, na vijana wakisikia hivyo wananiuliza kwanza juu ya injini. Injini sijaigusa. Pesa yangu imekwenda kwenye breki, na si kwenye sehemu za breki wanazozidhania.

Kila mtu anataka kalipa kubwa zilizopakwa rangi nyekundu. Lakini breki za kawaida zikiwa nzima tayari zina nguvu ya kuyafunga magurudumu yote manne au kuamsha ABS. Zaidi ya hapo, kinacholisimamisha gari ni tairi. Uwanjani breki hazipungukiwi nguvu, zinazidiwa na joto. Chukua gari la kilo 1,300 linalokwenda kilomita 160 kwa saa, ulipunguze hadi 60 kabla ya kona. Joto linalozalishwa hapo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya bomba, nalo linaingia kwenye diski kwa sekunde chache, sehemu kubwa ikiangukia zile za mbele. Diski hazijapoa, kona nyingine imefika. Mjini hali hiyo haitokei, hata ukiendesha kama dereva wa teksi aliyechelewa. Ndiyo maana fundi wangu wa Katuba alinishangaa: «Patron, iyi freni iko bien, unatafuta tena nini?» Alikuwa na haki. Kwa safari ya kwenda Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na kurudi, zilikuwa bien kabisa.

Joto linaziua breki kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Ukikanyaga na pedali ni ngumu kama kawaida ila gari halipungui mwendo, ujue pedi (plaketi, kwa kauli ya hapa) zimepita kiwango chake. Pedali ikizama kuelekea sakafuni na kuwa laini, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabanyiki, mvuke unabanyika, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kubana mvuke. Hali hii ya pili ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu inaweza kuja kati ya kona moja na inayofuata.

Kwa hiyo anza na mafuta. DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 kabla ya 230, na DOT 5.1 kabla ya 260. Hizo ni namba za kopo lililofunguliwa leo. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani, hata kupitia mipira ya breki, na yakishanywa maji kiwango cha DOT 4 kinashuka hadi 155. Hebu fikiria sasa gari lililokaa hapa misimu miwili ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, bila mtu kubadilisha mafuta yake. Kwa uwanja mimi natumia Motul RBF 600, ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 312. Ukiikosa, DOT 4 au 5.1 nzuri iliyo kwenye kopo lenye muhuri inafaa kwa kuanzia. Kopo lililofunguliwa liache dukani, hata muuzaji akikupunguzia bei. Na usichanganye na DOT 5: ile ni ya silikoni, haina undugu na hizi nyingine.

Kutoa hewa na mafuta ya zamani ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine kwenye nati ya kalipa. Fuata mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari lako, kwa maana haufanani kwa magari yote. Kama gari ni la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Silinda kuu iliyozoea kusafiri nusu ya njia huwa na kutu na uchafu kwenye nusu nyingine, na siku ukiisukuma hadi mwisho mipira yake inachanika. Ubao huo umeniokolea silinda nyingi za marafiki.

Pedi ndizo za pili. Tafuta za barabara ya haraka, zinazoshika zikiwa baridi na kuvumilia zikiwa moto, kama Ferodo DS2500 au EBC Yellowstuff. Pedi halisi za mashindano ziache: asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri, nawe una mamia ya kilomita kabla ya kufika uwanjani. Sokoni boksi zuri si ushahidi, bandia zimejaa kuanzia Dubai hadi kwetu. Tazama kama namba imechapwa kwenye bati la nyuma na kama ukingo wa kitambaa cha msuguano umekatwa safi. Mimi huagiza kwa mtu ninayemfahamu anayekwenda Johannesburg, ghali kidogo, lakini nalala usingizi.

Pedi mpya lazima zizoeshwe. Natoka Jumapili alfajiri kwenye barabara ya Likasi, malori yakiwa bado machache, natafuta kipande kilichonyooka kisicho na mtu nyuma yangu. Kutoka 100 hadi 20 kwa kukanyaga vizuri, mara nane hadi kumi mfululizo, bila kusimama kabisa hata mara moja. Harufu itatoka, ni kawaida. Kisha endesha polepole, bila kugusa breki, mpaka zipoe. Safu nyembamba ya pedi inakuwa imejipaka sawasawa kwenye diski. Watu wengi wanaolalamika kwamba diski zao zimepinda, na usukani unatetemeka, wana diski zilizopakwa vibaya tu.

Diski zenyewe nunua za kawaida, zenye nafasi ya hewa katikati. Zilizotobolewa matundu zinapendeza kwenye picha, ila nyufa huanzia kwenye tundu. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechapwa kwenye diski. Usimruhusu fundi akuchongee diski iliyokwisha.

Halafu kuna vumbi letu jekundu. Linapita penye mpira uliochanika na kukausha pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kisha pedi moja inaliwa na mwenzake anabaki mzima. Toa pini, safisha, paka grisi ya silikoni ya breki, badilisha vifuniko vya mpira. Wazungu wanashauri kung'oa bati linalokinga diski ili hewa ipite. Mimi nimeliacha, kwa sababu ya mawe ya njia za mitaani kwetu, nikavuta hewa kwa bomba kutoka kwenye bampa ya mbele.

Ukiwa umeyafanya hayo na bado joto linakushinda, hapo zungumza kalipa. Kwa Impreza, zile za pistoni nne kutoka WRX zinaingia pamoja na diski za milimita 294, lakini zinataka rimu za inchi 16. Zikitoka kwenye gari lililovunjwa, badilisha mipira ya ndani kabla ya kuzifunga, na usisahau ulinganifu wa mbele na nyuma.

Jambo moja wageni wa pwani hawalijui: Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, Harare inakaribia 1,500. Busta ya breki inasaidiwa na kanieneo ya hewa, na kwetu hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pedali itaomba mguu mzito zaidi kidogo. Huo si ugonjwa.

Mtihani wa kwanza unaukuta njiani, kwenye mteremko wa kushukia Zambezi kabla ya Chirundu, nyuma ya malori yanayonuka breki. Shuka kwa gia ya chini, injini ikuzuie. Ukimaliza breki zako hapo utafika uwanjani na mafuta yaliyokwisha kuteswa.

Uwanjani, zamu fupi. Mzunguko wa mwisho endesha bila breki kadiri iwezekanavyo, na ukisimama toa mguu kwenye pedali: pedi ya moto iliyobana diski inaacha alama yake hapohapo. Handbreki nayo iache. Weka gia, na jiwe nyuma ya tairi. Nikisharudi nyumbani natoa magurudumu, napitisha kucha juu ya diski kutafuta nyufa, namwaga mafuta yaliyochemshwa, na pedi za uwanjani zinarudi kwenye boksi lake, kila moja imeandikwa kwa chaki gurudumu lake.