Kadi ya Ubatizo Ilipokuwa Kibali cha Kazi

Andiko la somo: Danieli 1:3-8

Jumapili tuliwaona vijana wanne wa Yuda kule Babeli. Majina mapya walipewa, shule ya Wakaldayo waliingia, lakini ilipofika meza ya mfalme, Danieli akasema hapa siendi. Baada ya ibada mama mmoja aliniuliza kama Wayahudi wa siku za karibu waliweza hivyo. Nilimjibu harakaharaka. Wacha nijibu vizuri.

Kwa karne nyingi Wayahudi wa Ulaya waliishi kando. Sheria ziliwaambia wakae wapi na wafanye kazi gani. Mlango ulianza kufunguka Ufaransa. Desemba 1789 mjumbe Clermont-Tonnerre aliliambia Bunge kwamba Myahudi mmoja mmoja apewe kila haki, lakini Wayahudi kama taifa wasipewe chochote. Tarehe 27 Septemba 1791 wakafanywa raia. Mimi nilisomea biashara, na nikiona ofa kama hiyo natafuta bei yake. Hapa bei ilikuwa jumuiya: ingia peke yako, wazee wako na mahakama zenu mziache nje.

Berlin alikuwepo mwanafalsafa Moses Mendelssohn. Wasomi wa Kijerumani walimheshimu, na bado alishika Sabato na chakula cha torati. Mwaka 1769 mchungaji wa Uswisi, Lavater, alimwambia hadharani ama aukanushe Ukristo ama aukubali. Hakuiacha imani ya baba zake. Alifariki 1786. Kati ya watoto wake sita waliofika utu uzima, wanne walibatizwa. Mjukuu wake Felix, yule mtunzi wa muziki, alibatizwa 1816 akiwa na miaka saba.

Najua kuna mtu anasema, "Pasta, si hiyo ni habari njema?" Mioyo anaijua Mungu. Lakini mwangalie mshairi Heinrich Heine. Prussia iliwapa Wayahudi uraia 1812, kisha 1822 ikawafungia ualimu wa vyuo vikuu. Heine alisomea sheria. Mwaka 1825, wiki chache tu kabla ya kupata shahada, akabatizwa kwa Walutheri. Kazi aliyoitaka hakupata. Miezi michache baadaye alimwandikia rafiki kwamba sasa anachukiwa na Wakristo na Wayahudi pia. Aliyembatiza alikuwa mchungaji, mtu wa kazi yangu. Hapo ndipo habari hii inanichoma.

Mama, wako walioweza. Wengi hawakubatizwa. Kule Frankfurt, kuanzia 1851, rabi Samson Raphael Hirsch alilea jumuiya iliyoshika torati yote, na 1853 akafungua shule iliyofundisha torati pamoja na masomo ya Kijerumani. Naona tofauti kubwa ni kwamba hao hawakuingia mlangoni mmoja mmoja.

Mwezi jana ndugu mmoja alikuja ofisini. Shule aliyomtafutia mtoto inaitisha kadi ya ubatizo, basi akauliza kama anaweza kuipata kufikia Ijumaa. Nakiri, huko nyuma nimewahi kusaini kadi kama hizo kwa huruma, bila kumuuliza mtu hata swali moja kuhusu Yesu. Huyu nilimwambia darasa ni Jumatano saa kumi na moja jioni. Alikuja mara moja, akakaa nyuma, akauliza swali zuri sana kuhusu toba. Wiki iliyofuata hakuja. Nimempigia simu mara mbili. Fomu yake bado iko kwa droo yangu, na kiti chake Jumatano hii kipo.